Safari ya nyota kwa hesabu ya Inga

Wanafunzi wa fizikia hapa Lubumbashi wakianza kubishana juu ya safari ya kwenda kwenye nyota nyingine, hawakawii kugawanyika. Wa kwanza wanasema Einstein alishafunga njia mwaka 1905: hakuna kitu chenye uzito kitakachofikia kasi ya mwanga, kilomita 299,792 kwa sekunde, basi nyota ziachwe zilipo. Wa pili wanasema ni yeye huyo huyo aliyeifungua, maana saa ya anayekwenda kasi sana huenda polepole, na msafiri anaweza kufika mbali kabla hajazeeka. Kila upande una ukweli wake. Ila ukipiga hesabu, unaona wote wanamtwika Einstein mzigo usio wake.

Nyota iliyo karibu nasi zaidi baada ya Jua ni Proxima Centauri, umbali wa miaka ya nuru 4.24 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga huusafiri kwa mwaka mmoja). Voyager 1, chombo kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda takriban kilomita 17 kwa sekunde. Kingeelekezwa huko, kingetumia miaka kama 75,000. Ucheleweshaji huo hauhusiani na uhusianifu, yaani nadharia hiyo ya Einstein. Ni upungufu wa mwendo tu.

Wanaosema njia iko wazi hawaoti. Mwaka 1971 wanasayansi Hafele na Keating walipanda ndege za abiria na saa za atomu, wakaizunguka dunia, na saa hizo zikatofautiana na zile zilizobaki chini. Setilaiti za GPS nazo husahihishwa saa zake kwa sababu hiyo pamoja na nyingine ya mvutano wa dunia. Bila hivyo simu yako ingekuonyesha uko mtaa usio wako. Kwa hiyo chombo kikienda kwa asilimia 80 ya kasi ya mwanga, sisi tutahesabu miaka 5.3 hadi kifike Proxima, lakini aliyemo atahesabu 3.2. Kwa asilimia 99, yeye ataona miezi saba tu. Ni punguzo la ajabu, na ni la kweli.

Tatizo ni bei ya punguzo hilo. Sehemu ya umeme wa Katanga, eneo letu hili, hutoka Inga, kwenye mabwawa ya Mto Kongo, kwa waya wa kilomita kama 1,700 hadi Kolwezi. Inga 1 na Inga 2 zilijengwa kutoa megawati 1,775 hivi kwa jumla. Tuseme mashine zote ni nzima na zinazunguka usiku na mchana (anayeishi na delestaji, yaani umeme wa kukatwa kwa zamu, anajua hiyo «tuseme» ni kubwa kiasi gani). Tuseme pia hakuna hata wati moja inayopotea. Kusukuma tani moja, uzito wa gari dogo, hadi asilimia 10 ya kasi ya mwanga kungemeza umeme wote huo kwa miaka minane. Hadi asilimia 80? Miaka zaidi ya elfu moja. Na hapo hujafunga breki, kazi inayodai nguvu kama ile ile, wala hujabeba mafuta, ambayo nayo yana uzito wa kusukumwa.

Sasa rudi kwenye asilimia 10, mwendo ambao angalau akili inaweza kuufikiria. Safari ni ya miaka 42, na punguzo la Einstein ni miezi miwili na nusu. Hiyo tu! Kwa mwendo tunaoweza kuuota, uhusianifu hautuzuii wala hautusaidii. Unaanza kusaidia pale ambapo hatuna uwezo wa kulipa.

Vumbi nalo halisamehe. Punje ya miligramu moja ikigonga chombo kinachokwenda kwa asilimia 10, hulipuka kama kilo mia moja za baruti ya TNT. Kwa asilimia 80 ni tani 14, na waliowahi kusikia mlipuko wa machimbo wanaelewa maana yake.

Mradi wa Breakthrough Starshot, uliotangazwa mwaka 2016, ulipunguza mzigo hadi gramu chache, usukumwe kwa leza kutoka ardhini hadi asilimia 20, mafuta yakibaki nyumbani. Gramu moja kwa mwendo huo ni dakika 17 za Inga. Lakini upotevu ni mkubwa mno, hata leza yenyewe ikakadiriwa kuhitaji gigawati 100. Hata hivyo huo ni uhandisi unaojadilika.

Wanaotaka watu waende hujibu kwamba familia nzima ziingie, watoto wazaliwe njiani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji, ilifikia hesabu kama hiyo hapa kwetu: mfanyakazi aliyeletwa na mke na watoto kambini hukaa. Watoto waliozaliwa kambini hawakutia sahihi mkataba wowote, lakini geti lilikuwepo, na wengi walilipita wakaenda kutafuta maisha mengine. Mtoto wa chomboni hana geti, na aliyepanda akiwa na miaka 30 atafika ana 72. Hoja ya kuokoa kizazi cha binadamu ni nzito, sikatai, ila haijibu swali la mtoto huyo ambaye hakuulizwa.

Mimi ningetoa pesa kwa vyombo vya gramu. Vya watu visubiri hadi mtu aonyeshe, kwa hesabu, vitafungaje breki vikifika.