Kilo sita za mtoto: uzito au tungamo?

Ukimwambia mwalimu wa fizikia "uzito wangu ni kilo sabini", jiandae kusahihishwa. Atakwambia kilo hupima tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo mwilini mwako. Uzito ni kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, nao hupimwa kwa nyutoni. Kwa hesabu yake wewe una uzito wa nyutoni 686 hivi. Kwa hiyo muuza nyama anakosea, bondia anakosea, na nesi anayejaza kadi ya kliniki anakosea pia, kila siku, wala hawana habari.

Mwalimu hajajitungia ugomvi huu. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alifika Cayenne, Amerika ya Kusini, akiwa na saa ya pendulo, ile inayohesabu muda kwa kitu kinachobembea kwa mvutano wa Dunia, iliyokuwa ikienda sawasawa Paris. Kule karibu na ikweta ikawa inachelewa takriban dakika mbili na nusu kwa siku. Saa ilikuwa nzima. Kilichopungua ni mvutano wa Dunia: leo tunajua kwamba mchapuko wake, yaani jinsi kasi ya kitu kinachoanguka inavyoongezeka, ni kama mita 9.78 kwa sekunde mraba kwenye ikweta na 9.83 kwenye ncha. Dunia inazunguka, na tena imevimba kiunoni, ndiyo maana sisi wa ikweta tunavutwa kidogo kuliko wengine.

Kidogo hicho kina bei. Chukua mizani ya springi iliyorekebishwa Geita, pima kilo moja ya dhahabu, kisha safiri na dhahabu na mizani yako hadi London. Mshale utaonyesha zaidi ya gramu tatu za ziada. Dhahabu haijaongezeka hata chembe. Springi ndiyo inayovutwa zaidi. Ndipo unapoona kwa nini wanasayansi walihitaji maneno mawili. Mwaka 1901 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo ulitamka rasmi kwamba kilogramu ni kipimo cha tungamo, na kwamba neno uzito lihesabiwe kuwa la jamii ya kani. Sababu waliyoitoa ni kwamba watu walikuwa wakiyachanganya mambo hayo mawili. Zaidi ya miaka 120 imepita na bado wanachanganya.

Lakini hebu turudi sokoni tumsikilize muuza nyama. Ile mizani ya sahani mbili yenye mawe upande mmoja haipimi kani yoyote. Inalinganisha. Mvutano ukipungua, unapungua kwa nyama na kwa jiwe sawia, na mkono unabaki palepale. Ukiipeleka Mwezini, ambako mvutano ni kama sehemu moja ya sita ya huu wetu, kilo moja ya nyama itabaki kilo moja. Hata mizani ya springi au ya kidijitali hurekebishwa kwa mawe yanayojulikana, hapohapo inapotumika, ili namba inayosomeka iwe ya tungamo. Muuza nyama hajawahi kuuza nyutoni. Anauza tungamo kwa usahihi kabisa, ila analiita uzito, jina alilolikuta.

Tena jina lenyewe lina kazi nyingi. Uji huwa mzito, usingizi huwa mzito, mwanamke huwa mjamzito. Fizikia imekuja juzi ikaliazima neno na kulibana liwe na maana moja. Ni haki yake kufanya hivyo darasani, lakini aliyeazima kitu hamkatazi mwenyewe kukitumia.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba upande wa walimu wenyewe haukubaliani. Wapo wanaosema uzito ni kani ya Dunia inayokuvuta. Wengine wanasema ni kile mizani inachosoma. Chini kwenye sakafu majibu hayo yanalingana. Kwenye kituo cha anga, kilomita 400 hivi juu, yanaachana vibaya. Kule mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa hapa, lakini wanaanga wanaelea, kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja bila kukoma. Je, wana uzito? Kwa maana ya kwanza wanao tele, kwa ya pili hawana kabisa. Kinachopimika bila ubishi ni tungamo: mwanaanga hujishika kwenye kifaa cha springi kinachomyumbisha, na kadiri tungamo lake lilivyo kubwa ndivyo anavyoyumba polepole.

Na ule uzito unaousikia ukiwa umekaa kwenye kiti? Huo si mvutano hata kidogo. Ni kiti kinachokusukuma juu, kwa kani za umeme kati ya atomu zake na zako.

Kwa hiyo naona mwalimu ana haki darasani, na hana haki buchani. Hata darasani nadhani anaanzia pabaya. Anamkaririsha mtoto safari ya Mwezini ambako hatafika, wakati tungamo liko barabarani. Mkokoteni uliojaa saruji unasumbua kuuanzisha hata kwenye lami tambarare, na ukishashika kasi unasumbua zaidi kuusimamisha. Ukaidi huo ndio tungamo, na ungekuwepo uleule hata mvutano ungetoweka.

Au ampeleke kliniki. Mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, analia, anarusha miguu, na mshale unacheza: tano na nusu, saba, sita, tano. Kila teke linabadilisha kani inayovuta springi. Nesi hana haraka, amesimama na kalamu mkononi. Mtoto akitulia, mshale nao unatulia, ndipo anaandika kilo sita.