Kina Kwanza, Vifaa Baadaye: Maoni Kuhusu Kukokota Mshipi Ziwa Tanganyika

Siku hizi mtu wa Kigoma mwenye simu na boti ndogo anaweza kukaa Kibirizi akatazama jinsi wavuvi wa Kanada na Marekani wanavyokokota mishipi nyuma ya boti zao kuwatafuta trauti wa maziwa baridi, kisha akaagiza kutoka Dar es Salaam au ng'ambo karibu kila kitu alichokiona. Nimewaona wenzangu wakifanya hivyo, na sina ugomvi na mtu anayetumia fedha zake kwa jambo analolipenda. Hata hivyo, naona kwamba tunanunua sehemu isiyotufaa sana ya ujuzi ule. Vifaa vyao vilibuniwa kwa ajili ya ziwa lenye tabia nyingine na samaki mwenye maumbile mengine. Kinachostahili kuigwa ni ile nidhamu yao ya kutaka kujua, muda wote boti inapotembea, chambo kiko mita ngapi chini ya maji.

Trauti wa maziwa, ambaye wanasayansi humwita Salvelinus namaycush, ni samaki wa baridi. Hustarehe katika maji ya nyuzi joto 8 hadi 12 hivi. Kiangazi kikifika kule kaskazini, maji ya juu hupata joto na kuelea juu ya maji mazito ya baridi, na kati ya matabaka hayo mawili huwa na mpito mfupi ambapo joto hushuka ghafla ndani ya mita chache. Trauti huteremka chini ya mpito huo na kukaa huko mpaka msimu ubadilike. Kwa hiyo mvuvi wa kule akishapima joto la maji amekwisha kujua samaki yuko wapi, na kazi inayobaki ni kukifikisha chambo kwenye kina hicho na kukiweka hapo wakati boti inasonga polepole, kwa kawaida kilomita 2 hadi 4 kwa saa. Samaki huyu hakui haraka, lakini huishi miaka mingi na kufikia uzito mkubwa. Mwaka 1961 katika Ziwa Athabasca nchini Kanada alinaswa mmoja kwa nyavu aliyekaribia kilo 46.

Vifaa vyao vingi vinajibu swali hilo moja la kina. Kuna mshipi wenye kiini cha risasi ndani yake, uliopakwa rangi inayobadilika kila baada ya mita 9 hivi. Mvuvi huhesabu rangi zilizotoka kwenye gurudumu, akikadiria kwamba kila rangi inashusha chambo mita moja na nusu hivi kwa mwendo wa polepole. Kuna tufe la risasi la kilo 4 au 5 linaloteremshwa kwa waya kutoka kwenye kapi lililofungwa ubavuni mwa boti, na mshipi hubanwa juu ya tufe hilo kwa kibanio ambacho huachia samaki anapouma, ili mvuvi apambane na samaki peke yake bila uzito wa risasi. Kuna pia vibao vinavyojizamisha kwa nguvu ya maji, na msururu wa vipande vya bati vinavyozunguka na kumetameta mbele ya chambo, kwa sababu trauti huvutwa na kile kinachoonekana kwa mbali kama kundi la samaki wadogo wanaokimbia.

Tufe lile la risasi ndilo linalotamaniwa zaidi na wanaoanza, na ndilo ambalo sipendi kuona likinunuliwa kabla ya mengine. Kwanza, ni ghali. Pili, namba inayosomwa kwenye kapi si kina halisi: boti ikiongeza mwendo, waya hulala nyuma na tufe huelea juu kuliko mvuvi anavyodhani. Kwa mwendo wa trauti kosa hilo ni dogo, lakini kwa mwendo tunaouhitaji sisi huku linakuwa kubwa kiasi cha kuifanya ile namba kuwa pambo tu.

Sasa tulitazame ziwa letu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali palipo chini zaidi, lakini sehemu kubwa sana ya maji hayo haina samaki hata mmoja, kwa sababu haina oksijeni. Upande wa kaskazini oksijeni hufika karibu mita 100 tu, na upande wa kusini inaweza kukaribia mita 200. Joto nalo halitusaidii: maji ya juu huwa kati ya nyuzi 25 na 27 hivi, na hata ukiteremka mpaka kwenye matope huwezi kukuta maji yaliyo chini ya nyuzi 23. Mvuvi wa Kigoma anayeshusha kipimajoto ili atafute sangala kama Mkanada anavyotafuta trauti anapoteza muda wake. Sangala hatafuti baridi. Anafuata chakula, na sakafu yake huwekwa na oksijeni.

Chakula chenyewe ni dagaa, na dagaa wana ratiba. Mchana huteremka kukwepa mwanga na macho ya wanaowala, na jioni hupanda juu, ndiyo maana wavuvi wetu wakawavua usiku kwa karabai, na sasa kwa taa za umeme wa jua. Wanaowala huwafuata. Migebuka huzunguka kwa makundi kwenye maji ya wazi. Lates microlepis huwinda karibu na uso wa maji. Lates mariae hushinda chini karibu na sakafu mchana na kupanda usiku. Naye Lates angustifrons, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote, hupenda miamba. Hawa watatu wa mwisho wote huitwa sangala sokoni, na kuwachanganya kwa jina moja kunamfanya mkokotaji awatafute wote mahali pamoja, jambo ambalo halina mafanikio.

Kwa maoni yangu, saa bora ya kukokota mshipi kutoka Kigoma ni ile ya alfajiri, siku za giza, mitumbwi ya dagaa inapozima taa na kuanza kurudi. Usiku kucha taa zile zimekusanya dagaa, na dagaa wamekusanya wakubwa. Mvuvi anayepita pembezoni mwa eneo hilo, kwa umbali wa heshima na bila kukata nyavu za watu, akiwa na chambo kinachotembea kati ya mita 5 na 15, yuko kwenye njia ya sangala kabla hajateremka. Siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika, na mkokotaji hana budi kurudi kwenye miamba na miteremko ya pwani, kwa mfano kuelekea kusini kupita Bangwe na Katonga, ambako sakafu huporomoka ghafla karibu sana na nchi kavu.

Kuhusu mwendo, sikubaliani kabisa na wanaoiga upole wa trauti. Samaki wa maji ya nyuzi 10 huokoa nguvu zake. Samaki wa maji ya nyuzi 26 ana damu iliyochangamka na hufukuza windo lake kwa kasi. Kilomita 5 hadi 7 kwa saa ndio mwendo ninaouamini kwa sangala wa juu, na injini ya nguvu za farasi 15 inauweza bila shida. Kwa kuhe nashuka kidogo, kwa sababu huyu ni samaki anayepita karibu na sakafu ya mchanga na mawe, na chambo kinapaswa kukaa karibu naye bila kunasa. Kuhe ndiye mkubwa kuliko jamaa zake wote wa familia ya perege, naye huzaa kwenye maji ya kina kidogo, ambako baba na mama hulinda watoto kwa pamoja. Jozi inayolinda watoto huuma chochote kinachopita karibu, kwa hasira wala si kwa njaa, na mvuvi anayejisifu kwa kuwakamata wazazi hao haonyeshi ustadi wowote.

Maji ya ziwa hili ni maangavu mno, na katika hilo tunafanana na maziwa ya trauti. Chambo kinapaswa kuwa mbali na boti, mita 40 au zaidi kwa kina kidogo, na kipande cha mwisho cha mshipi kiwe chembamba kisichoonekana, isipokuwa pale unapotarajia samaki wenye meno makali wa jamii ya Hydrocynus, ambao hukata nailoni mara moja na hudai waya. Ukubwa wa chambo bandia ufuate dagaa na lumbu, jamaa yake mkubwa zaidi: sentimita 9 hadi 14 zinatosha. Madukani mara nyingi huuzwa vikubwa zaidi, vilivyokusudiwa sangala wa Ziwa Victoria, ambaye ni spishi nyingine na hula windo jingine. Fedha na buluu hazijawahi kuniangusha. Rangi za kung'aa za machungwa na kijani nimeziona zikisifiwa sana na wauzaji.

Turudi kwenye kina, maana ndicho kiini cha maneno yangu. Asiye na tufe wala mshipi wa risasi anaweza kupata kina kwa vitu vinavyopatikana sokoni Mwanga: mshipi wa kusukwa, chubwi (vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi) za uzito tofauti, na nyuzi za rangi. Mshipi wa kusukwa ni mwembamba kuliko nailoni ya nguvu ileile, kwa hiyo maji huusukuma kidogo na chambo huzama zaidi. Funga uzi wa rangi kila baada ya mita 10. Chagua mahali penye sakafu tambarare ambayo kina chake umekipima kwa chubwi boti ikiwa imesimama, kisha kokota hapo ukiongeza mshipi kidogo kidogo mpaka chubwi ianze kugusa chini. Andika: mwendo huu, chubwi hii, mita hizi za mshipi, kina hiki. Rudia kwa mwendo mwingine. Ukifanya hivyo katika sehemu chache zenye kina tofauti, utakuwa na jedwali lako mwenyewe, na jedwali hilo litakuwa la kweli zaidi kuliko namba ya kapi la bei ghali. Wapo wanaokisia kwa pembe ya mshipi, wakisema kwamba mita 40 zilizolala kwa nusu ya pembe mraba zinafika mita 28. Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi, lakini mshipi ndani ya maji haunyooki, hupinda kwa kusukumwa, na chambo huwa juu zaidi ya hapo.

Mbinu moja ya watu wa trauti naichukua nzima bila kubadili chochote, nayo ni kukata kona pana badala ya kwenda moja kwa moja. Boti inapogeuka, mshipi wa upande wa ndani hupunguza mwendo na kuzama, na wa upande wa nje huongeza mwendo na kupanda. Samaki akiuma wa ndani mara kwa mara, amekuambia upunguze mwendo au ushuke. Akiuma wa nje, fanya kinyume chake. Hakuna kifaa cha dukani kinachotoa jibu hilo kwa bei hiyo.

Jambo ninalolikataa kabisa ni desturi ya kumwachia samaki aliyetolewa kilindini, ambayo wageni wengi huja nayo na waongozaji wetu wameanza kuiiga kwa nia njema. Trauti ana njia inayounganisha kibofu chake cha hewa na koo, hivyo anapopandishwa hutoa hewa kwa kinywa na anaweza kurudi chini akiwa mzima, hasa maji yakiwa ya baridi. Sangala hana njia hiyo. Akitolewa mita 40, hewa hutanuka tumboni, tumbo la chakula husukumwa kinywani, macho hutokeza, na ukimwachia huelea kwenye maji ya joto mpaka afe au achukuliwe na ndege. Anayetaka kuachia samaki avue juu, kwenye kina kisichozidi mita 10, amtoe ndoano akiwa bado majini na kwa ndoano isiyo na kijino. Anayevua kilindini ahesabu kila samaki kuwa ni wa sufuria, na aache kuvua akipata wa kumtosha.

Wapo watakaosema kwamba kukokota mshipi hakuwezi kulisha familia, na wana haki, kwa sababu petroli inayoliwa asubuhi moja inaweza kuzidi thamani ya samaki. Simshauri mvuvi wa Katonga aache nyavu zake. Ninachokiona ni kazi kwa vijana wenye boti wanaoweza kuwapeleka wageni, na kwa wanaosafiri tayari kwenda Ilagala au vijiji vya kaskazini na wanaweza kuachia mshipi mmoja njiani bila gharama ya ziada. Leseni ya uvuvi wa michezo inahitajika, na maji ya Mahale, mpaka mita 1,600 kutoka ufukweni, ni sehemu ya hifadhi ya taifa.

Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, baadhi ya wapenzi wa mshipi walinung'unika kwamba ndoano moja haiwezi kulinganishwa na nyavu za dagaa. Kwa hesabu ya kilo wako sahihi. Lakini sangala mkubwa mwenye mayai ndiye hasa anayeuma chambo kikubwa, na sioni ni kwa hoja gani mtu mwenye fimbo ya kaboni aendelee kumtoa huku jirani yake wa karabai ameanika nyavu kwa miezi mitatu. Pumziko likitangazwa tena, nasi tuweke fimbo ndani, na tuitumie miezi hiyo ya upepo wa kusi kunoa ndoano kwa tupa na kuyeyusha chubwi mpya.