Fremu ya kusimamia mtoto: ya fundi wa Kibuye au ya kutoka ng'ambo?

Mzazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy), awe Kisumu, Kakamega au Nakuru, akishaambiwa mtoto anahitaji fremu ya kusimamia, yaani kifaa chenye pedi na mikanda kinachomshikilia mtoto asiyeweza kusimama mwenyewe, huanza kuuliza bei, kisha huuliza itapatikana wapi. Wapo wanaosema nenda kwa seremala wa Kibuye, soko la Kisumu, akupigie ya mbao. Wengine husema ngoja ya msaada kutoka ng'ambo, maana hizo ndizo zenye vipimo vya kitaalamu. Kila upande una hoja. Ila baadhi ya wataalamu wa tiba ya viungo wananung'unika jambo la tatu: fremu zimesifiwa kupita kiasi, na nyingi huishia kuanikiwa nguo.

Tuanze na manung'uniko hayo, maana ndiyo mazito. Fremu haimfundishi mtoto kutembea. Mtoto asiyeweza kukaa bila kushikwa hatatoka kwenye mbao hizo akaanza kupiga hatua, na anayemwahidi mama hivyo anamdanganya. Faida zinazotajwa ni nyingine, nazo zina masharti ya muda. Mapitio ya tafiti ya mtaalamu wa tiba ya viungo Ginny Paleg na wenzake, yaliyotoka 2013, yalipendekeza siku 5 kwa wiki: dakika 60 hadi 90 kwa siku kwa ajili ya mifupa, dakika 60 kwa ajili ya nyonga huku miguu imetanuliwa jumla ya nyuzi 30 hadi 60, dakika 45 hadi 60 ili viungo visikaze, na 30 hadi 45 kulegeza misuli iliyojikunyata. Dakika 10 za Jumamosi mgeni akija hazimo.

Hata kwa muda huo, ushahidi si mnene. Katika jaribio moja la Uingereza lililochapishwa 2004, watoto 26 walifuatiliwa kwa miezi 9. Kundi lililoongezewa muda wa kusimama kwa asilimia 50 lilipata ongezeko la asilimia 6 la msongamano wa madini katika pingili za mgongo. Mfupa wa muundi haukubadilika. Na miguu ndiyo watoto wenye mtindio wa ubongo huvunjika zaidi, hasa paja karibu na goti. Anayepinga fremu ana pa kushika.

Lakini tafiti za mifupa hazipimi kila kitu. Mtoto aliyesimama anaona meza kwa kimo cha wenzake, mikono yake iko huru kushika kalamu, na mwalimu hainami kumwonyesha herufi. Shirika la Afya Duniani liliiweka fremu inayorekebishika kwenye orodha yake ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele mwaka 2016, na Ibara ya 54 ya Katiba yetu inampa mtu mwenye ulemavu haki ya vifaa vya kumwezesha kukabili vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Kwa hiyo swali la kama mtoto astahili kusimama lilikwisha jibiwa. Linalobaki ni fremu gani, na nani atakuwa naye saa hiyo.

Ya ng'ambo hulala na kuinuka kwa pembe unayotaka. Hilo ni muhimu kwa mtoto asiyeweza kushikilia kichwa, ambaye huanza amelalia mgongo na kuinuliwa polepole. Kasoro zake huanzia mlangoni: ni nzito, haizunguki katika nyumba ya chumba kimoja mtaani Nyalenda, Kisumu, na magurudumu yake madogo huzama kwenye udongo mweusi wa nyanda za Kano mvua ikinyesha. Ikifika imeshatumika, mara nyingi pedi za magoti hazipo, na bolti zake hupati dukani.

Ya Kibuye hutengenezwa kwa plaiwudi ya milimita 18 na kurekebishwa na aliyeitengeneza. Shiti moja ya futi 8 kwa 4 yatosha fremu ya mtoto wa kimo cha mita moja pamoja na meza yake. Tatizo ni fundi anayenakili picha ya simu. Hupigilia misumari palipotakiwa bolti, mtoto akirefuka hakuna cha kusogeza. Hufanya kitako chembamba, mtoto akijipindapinda fremu inapinduka. Hutia sponji laini inayobonyea kabla muhula haujaisha. Zipo pia fremu za karatasi zilizobandikwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga; hizo ni rahisi na nyepesi, ila unyevu wa masika na mchwa huzimaliza zisipopakwa vanishi vizuri.

Tukilazimika kuchagua, tunachagua ya Kibuye kwa mtoto anayeshikilia kichwa, mradi vipimo vichukuliwe na mtaalamu, si fundi. Mtoto alazwe chali mkekani, miguu inyooshwe inapofikia bila kulazimisha. Pima kutoka kisiginoni hadi chini ya pia ya goti, hadi nyonga, hadi kwapani. Kisha upana wa nyonga na wa kifua. Pedi ya goti ikae chini kidogo ya pia, isiikandamize. Mkanda wa nyuma upite kwenye makalio, si kiunoni, la sivyo tumbo litasukumwa mbele na mgongo upinde. Mkanda wa kifuani uachie nafasi ya vidole viwili chini ya kwapa. Matundu ya bolti yapishane kwa sentimita 2.5. Kisigino kisipogusa chini, weka kabari chini yake, usikivute. Goti lililokaza likabaki limepinda halinyooshwi kwa mkanda, kwani mfupa dhaifu wa paja huvunjika hivyo hivyo. Mtoto huyo aonwe hospitali kwanza, na nyonga zake zipigwe eksirei. Utafiti wa Australia wa 2006 ulionyesha kuwa watoto walioathirika zaidi, wale wasiojimudu kabisa, takriban 9 kati ya 10 nyonga zao zilisogea kutoka mahali pake.

Siku za mwanzo ni dakika 5 hadi 10, si mara tu baada ya kula. Akipauka au miguu ikigeuka rangi, mtoe. Alama nyekundu isiyofifia ndani ya nusu saa ina maana pedi iko pabaya.

Na saa yenyewe? Mama anayerauka kufuata omena hana dakika 60 za kukaa kando ya fremu, na mtoto haachwi peke yake humo. Ndiyo maana tunaona fremu nyingi zingefaa kuwekwa shuleni, ndani ya darasa, wakati wa somo la kuchora au kuandika; si kwenye kona, akitazama ukuta. Hoja ya kupinga ni kwamba likizo mtoto hukosa. Kweli, lakini anayesimama miezi 9 ya masomo amemzidi mwenye fremu ya nyumbani isiyoguswa.

Anayetoa msaada, awe kanisa au ofisi ya eneobunge, hulipia mbao peke yake. Nauli na ada ya mtaalamu kurudi baada ya wiki mbili, kisha kila miezi mitatu, ziandikwe ndani ya bei ya fremu tangu mwanzo, hata kama zitaifanya ionekane ghali kuliko ya jirani.