Mjane Asitakiwe Kuthibitisha Vita

Jumanne iliyopita nilikaa kwenye benchi la ofisi moja hapa Dodoma, kati ya mzee mmoja mwanajeshi mstaafu na mama mjane kutoka Kongwa, nikamsikia karani akimtaka mama yule alete uthibitisho kwamba marehemu mumewe alipigana Vita vya Kagera. Mama alifungua bahasha ya kaki, akatoa picha iliyofifia ya kijana mwenye kombati na kipande cha karatasi chenye namba ya jeshi. Akaambiwa havitoshi. Tangu siku hiyo sijatulia.

Mzee huyo nimemfahamu tangu utotoni kwa sifa za mbio. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari wakati mwanariadha Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, na husema kwamba kwa vijana wa rika lake riadha na jeshi vilikuwa njia moja, kwa kuwa Bayi mwenyewe alikuwa askari wa JWTZ. Naye akajiunga. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, bingwa wa shule alijikuta ndani ya mabuti, akielekea Kyaka na hatimaye Kampala, mji uliotekwa Aprili 11, 1979. Alirudi na goti lisilokunjika sawasawa. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma na afisa wa jeshi vilevile, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989. Mzee wetu aliisikiliza habari hiyo redioni, akashangilia.

Siku hizi anatembea na kaunta buku iliyojaa majina ya wenzake, namba zao, vikosi vyao na vijiji walikobaki wajane wao, kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni, na nauli ya kufuatilia mafaili hayo inatoka kwenye pensheni yake mwenyewe.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wapo wanaodai walipigana ilhali hawakufika hata Kyaka, kwa hiyo uhakiki ni lazima. Lakini aliyemwandikisha kijana yule, akampa namba, akamvisha sare na kumpeleka mstari wa mbele ni serikali, na kumbukumbu zake zinapaswa kuwa mikononi mwa serikali. Kumtuma mjane asiyejua kusoma akazitafute ni kumbebesha mzigo usio wake, na kila safari anayorudishwa mikono mitupu inamgharimu kuku au debe la mtama. Kila Julai 25 tunaweka mkuki, ngao na mashada ya maua kwenye mnara wa mashujaa, na moyo wangu husisimka kwelikweli. Heshima hiyohiyo naidai dirishani. Matibabu ya wastaafu nayo yana kilio chake, lakini hili la kumbukumbu ndilo linaloziba mlango wa kwanza.

Mzee hakupandisha sauti. Alisimama kwa kuliegemea benchi, akaweka kidole juu ya ile karatasi na kuuliza, “Mwanangu, namba hii ilitolewa na nani?” Karani aliitazama kwa muda, kisha akainakili na kutuambia turudi Jumatatu. Mzee aliandika tarehe hiyo kwenye kaunta buku, mbele ya jina la marehemu, na mama akaanza kumweleza ni nani kijijini atakayemkopesha nauli.