Mtaje Mshindani Wako, ila Mnunuzi Aone Ushahidi

Mimi naunga mkono tangazo la gari linalomtaja mshindani kwa jina. Anayetoa akiba ya miaka kununua gari anastahili kuambiwa wazi lipi linakula mafuta zaidi na lipi linabeba mzigo mzito zaidi. Kampuni ikisema tu kwamba gari lake linayapita "magari mengine", nani ataweza kuibana?

Ujerumani haikuwa na mtazamo huo. Kwa miongo mingi mahakama zake zilihesabu ulinganisho wa namna hiyo kuwa ushindani usio wa haki, hata pale ulipokuwa wa kweli. Agizo la Umoja wa Ulaya la 1997 ndilo lililofungua mlango, na mwaka 2000 Ujerumani ikaliingiza katika sheria yake. Masharti yake nayaona ya busara: bidhaa ziwe za matumizi yaleyale, sifa inayolinganishwa iwe ya maana na iweze kuthibitishwa, na mshindani asidhalilishwe. Marekani ilikwishatangulia. Tume yake ya biashara, FTC, ilitamka tangu 1979 kwamba ulinganisho wa kweli unamsaidia mnunuzi.

Lakini huko Marekani ndiko ninakoona pengo. Mwaka 2016 Chevrolet ilirusha tangazo la matofali ya bustani, takriban kilo 370, yakimwagwa nyuma ya pikapu yake ya Silverado, kisha nyuma ya Ford F-150. Bodi ya alumini ya Ford ikatoboka. Ya chuma ya Chevrolet ikabonyea tu. Wengi waliliona tangazo hilo la kikatili. Mimi silioni hivyo, kwa sababu mtazamaji alionyeshwa jaribio lenyewe na angeweza kuamua kama kazi zake zinafanana na hiyo.

Mambo yalibadilika Januari 2019. Chevrolet hiyohiyo ilitangaza kuwa magari yake ni ya kutegemewa kuliko ya Ford, Honda na Toyota. Msingi wa dai hilo ulikuwa uchunguzi wa kampuni ya utafiti ya Ipsos kwa wenye magari ya modeli ya 2015, wakati waliolengwa ni wanunuzi wa magari mapya. Washindani wote watatu walipinga, na Chevrolet ikaliondoa tangazo huku ikishikilia kwamba dai lake ni sahihi.

Je, ingekuwaje kama washindani wangenyamaza? Sheria ya Lanham, ambayo kampuni za Marekani huitumia kushtakiana kwa matangazo ya uongo, haimpi mnunuzi wa kawaida nafasi ya kufungua kesi. Anabaki kutegemea hasira za Toyota au Ford, nazo hutetea mauzo yao kwanza.

Ulaya wamekwenda mbele kidogo. Mwaka 2006, katika kesi ya maduka ya Lidl na Colruyt, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba kama vipengele vya ulinganisho havimo ndani ya tangazo, mtangazaji aonyeshe ni wapi na kwa njia gani walengwa wanaweza kuvipata kwa urahisi. Matangazo ya magari yabanwe hivyo kila mahali: waliohojiwa ni wangapi, waliulizwa swali gani, na magari yao yalikuwa ya mwaka gani.