Bomba la Shemeji

Shemeji yangu anajua kila kitu, mpaka kitu chenyewe kianze kufanya kazi. Mke wangu alipojengewa jiko la matofali la kuchemshia ming'oko ya biashara, vile viazi vya porini, kazi ya bomba la moshi akajitwisha shemeji. Fundi bati wa mtaani alishatuambia: bomba lipande wima, lipite mgongo wa paa.

"Kutoboa bati ni kuikaribisha mvua," shemeji akasema. "Tunatokea ukutani."

Akalilaza bomba kama mamba, likapiga kona mbili, mdomo ukatazama kusini. Mwezi wa saba. Mtwara! Hata mtoto wa chekechea anajua miezi hiyo upepo unatoka wapi.

Siku ya uzinduzi mama mkwe akashuka kutoka Newala kuja kuona kazi ya mwanawe. Akawekewa kiti cha heshima humo humo jikoni. Kuni za mkorosho zikashika, moshi ukatoka, tukapiga makofi. Angeishia hapo! Lakini shemeji alitaka tuone bomba linavyovuta, akamwagia motoni nusu debe la maganda ya korosho.

Waulize wabanguaji: maganda yale yana mafuta ya kubabua ngozi, na moshi wake unawasha macho mpaka unakumbuka madeni. Ukaenda hadi kona ya kwanza, ukasitasita. Kona ya pili, ukapoa, nguvu zikaisha. Ulipochungulia nje, kusi, upepo wa kusini, ikaurudisha ndani bila hata hodi, pamoja na masizi yote. Mdomo wa jiko ukatema.

Nikasikia kikohozi, kiti kikaanguka, mama mkwe huyo mbio, kanga moja imebaki nyuma. Mkwe hatazamwi katika hali hiyo, kwa hiyo nikageukia ukutani kwa adabu. Kumbe shemeji hakuziba maungio ya bomba, na kila ungio lilikuwa linanipulizia usoni.

Nje, mama akamtazama mwanawe, ambaye sasa alionekana meno tu.

"Wewe, ulikuwa unapika au unarina asali?"

"Mama, ni upepo tu."

"Upepo huu babu yako aliukuta!"

Kesho yake fundi bati akatoboa paa. Bomba likapanda wima mpaka juu ya mgongo wa paa, mbali na mbao za kenchi zisije zikashika moto. Tundu likazungushiwa bati kuzuia maji, juu likavishwa kofia, maungio yote yakazibwa. Moshi unakwenda zake.

Masizi lakini hayaachi kuganda ndani, na yakizidi bomba linaziba. Kabla ya kupanda basi la Newala, mama akaagiza kwamba wa kulisugua ni mwanawe, hana mbadala. Jana alikuwa juu ya paa, kumbi la nazi kafungia kwenye mti mrefu, akimwelekeza fundi umeme aliyekuwa kwenye nguzo ya jirani namna ya kufunga waya.