Makande Yaliyolazwa Kitandani

Mwezi Julai mke wangu alikwenda Dodoma kwa mafunzo ya majuma mawili, akaniachia binti yetu wa miaka 7, shilingi 60,000 za jikoni, pamoja na onyo kuhusu blanketi jipya lililokuwa kabatini, bado limo katika mfuko wake wa nailoni, kwamba lisiguswe na mtu hadi Desemba tutakapopanda Machame kwa sikukuu. Hakusema limenunuliwa kwa ajili ya nani, nami sikuuliza, maana akili yangu yote ilikuwa kwenye zile 60,000. Nilikuwa nimejiapiza kwamba atakaporudi nitamkabidhi chenji mkononi, ili ule wimbo wa kwamba mimi sijui bei ya nyanya uishe katika nyumba yetu.

Siku nne za kwanza tulikula chipsi mayai za kibandani, sahani mbili kila jioni kwa shilingi 7,000. Usiku wa nne, wakati napiga hesabu na kugundua kwamba karibu nusu ya fedha imekwisha kuliwa, binti yangu aliisogeza sahani yake pembeni akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, chakula tutaanza kula lini?"

Sikulala vizuri. Kulipokucha, siku ya Jumamosi, nilikuwa nimekwisha kuamua: tutakula makande. Kilo moja ya mahindi yaliyokobolewa na kilo moja ya maharage ya njano, vyote kutoka soko la Kilombero hapa Arusha, havikufika shilingi 5,000, na vingetulisha siku tatu. Isitoshe, mimi ni mwalimu wa sayansi na ninajua kwamba upungufu wa protini ya mahindi hujazwa na maharage, na upungufu wa maharage hujazwa na mahindi, kwa hiyo wazee waliovichanganya katika chungu kimoja hawakukosea hata kidogo. Mama aliyeniuzia aliitazama mikono yangu kwanza, kisha akanitazama usoni. "Mwanangu, haya uyaloweke usiku kucha," akasema. "Na magadi utie kidogo tu, kama ukucha wa kidole chako cha mwisho." Akaniongezea bonge la magadi lenye ukubwa wa kiberiti, amelifunga katika gazeti. Nilimshukuru kama ninavyomshukuru mtu anayenielekeza njia ninayodhani ninaijua.

Niliyaloweka kwa saa moja.

Tatizo lililokuwa likinisumbua halikuwa kuloweka, bali gesi. Mtungi wetu mdogo ulikuwa umeanza kutoa mwali wa manjano uliosinzia, na kila anayepika anajua maana yake. Hapo nikakumbuka jinsi mwenzangu mmoja katika ofisi ya walimu alivyolisifia jiko la kikapu: unachemsha maharage kwa nguvu kama nusu saa, unaitia sufuria pamoja na mfuniko wake ndani ya kikapu kilichojazwa nguo au sponji, unafunika vizuri, na joto lililokosa pa kutokea linaendelea kuivisha chakula kwa saa nyingi bila mkaa wala gesi. Kwa mtu anayefundisha Fizikia ilikuwa karibu ni tusi kwamba sikuwa nimelifikiria mwenyewe. Kikapu sikuwa nacho, lakini kitanda ni nini kama si kikapu kikubwa?

Nilichagua kitanda cha binti yangu kwa sababu ni kidogo na kimeegemea ukuta. Nikatandika shuka la Kimasai, nikaweka sufuria katikati, nikaizungushia blanketi la mtoto. Nilipopapasa kwa nje nilihisi joto linatoroka. Sayansi ilidai tabaka jingine, na Arusha ya Julai haina masihara, kwa hiyo nikafungua kabati nikalitoa lile blanketi la Desemba. Juu kabisa niliweka mto, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yangu, na kusema kweli nilifurahi.

Kosa nililolifanya kabla ya hapo ni dogo kulitamka. Badala ya kuchemsha nusu saa, niliitelemsha sufuria mara tu nilipoyaona mapovu, ili kuokoa gesi. Mji wetu uko karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo mapovu ya Arusha yanatangulia kabla ya joto ambalo mtu wa Tanga angelipata. Jambo hilo ninalifundisha mwenyewe, tena huwa nalitungia swali la mtihani.

Saa saba mchana nilitoka kwenda gengeni kununua nazi na karoti. Binti yangu alikuwa chumba cha tatu kwa jirani, kwa kuwa hapa Sakina tumepanga wengi katika ua mmoja na watoto ni wa wote. Yaliyotokea nilipokuwa gengeni nimesimuliwa na watu watano, na wote wanapatana.

Mama mkwe alifika bila taarifa. Alikuwa ametoka Machame na mkungu wa ndizi mshare na kidumu cha maziwa, akijua kwamba binti yake hayupo na akiwa na wasiwasi wake kuhusu mjukuu, wasiwasi ambao sasa siwezi kuulaumu. Alikuta mlango umerudishwa, akapiga hodi, akaingia moja kwa moja chumba cha mtoto, ambamo ndimo hulala anapotutembelea. Akaona kitandani mtu mdogo amejikunja, amefunikwa gubigubi mchana kweupe. Akaita. Kimya. Akapitisha mkono chini ya blanketi la juu, akakutana na joto la kutisha. Akabonyeza kidogo, akakuta pagumu.

Nasikia ukelele wake ulifika barabarani. "Mtoto anaungua! Mtoto amekakamaa!" Jirani mmoja akasema ni degedege, mwingine akakimbilia bajaji, na fundi seremala anayekaa chumba cha mwisho, mtu wa misuli na huruma, akaukumbata mzigo wote pamoja na mablanketi akatoka nao mbio kuelekea getini. Mimi nilikuwa naingia getini wakati huohuo, nazi mkono wa kulia, karoti mkono wa kushoto.

"Mwalimu, pole, pole sana," alisema akihema, na katika kuniinamia kunipa pole, mfuniko ukachomoka.

Kwanza yalitoka maji ya rangi ya chai, yakalowesha blanketi la Desemba kutoka ncha hadi ncha. Kisha punje za mahindi zikaanza kudondoka miguuni pake, moja moja, bila haraka. Fundi aliziangalia, akaniangalia mimi. Ua mzima ulinyamaza. Katika kimya kile binti yangu alijipenyeza kati ya watu, akamwona bibi yake aliyekuwa ameshika kichwa, akapiga goti kama alivyofunzwa: "Bibi, shikamoo."

Bibi hakuitikia kwanza. Alimkagua mjukuu paji la uso, shingo, mikono yote miwili, ndipo akasema marahaba. Kisha akanigeukia.

"Baba," alisema taratibu, "hicho ni nini?"

"Makande, mama."

"Yanaumwa?"

Waliocheka, niliwasamehe siku hiyohiyo. Dereva wa bajaji alidai nauli ya kuitwa, nami nikampa 2,000 bila kubishana.

Sufuria haikuwa imemwagika yote. Mama alichukua haragwe moja akalitafuna, nalo likalia kokoto. Akalitema, akaniambia kwamba maharage mabichi yanaumiza tumbo na ni lazima yachemke kwelikweli, akawasha jiko la mkaa mwenyewe. Alipokuwa anamenya ndizi aliniagiza nitie magadi kidogo. Ninakiri kwamba nilitaka kuufidia muda uliopotea. Nililitumbukiza bonge lote.

Magadi hulainisha maganda ya maharage upesi, hilo ni kweli, lakini makande yangu hayakulainika tu. Yalitoa povu likapanda hadi ukingoni, mchuzi ukawa wa rangi ya kutu, na maharage yakayeyuka hata ukadhani hayakuwamo. Nilionja kijiko kimoja, nikameza kwa heshima. Binti yangu alikataa hata kuonja. "Baba, yananukia kufua," alisema. Mama aliinamia sufuria, akainuka. "Msiyamwage," akasema. "Yatafaa kwa lile blanketi."

Tulikula machalari ya ndizi mshare kwa karoti zangu na maziwa yake, na sijui kama mwaka huu nimekula kitu kitamu kuliko hicho. Gharama, ukiondoa bajaji, haikufika 1,000.

Jioni mke wangu akapiga simu. Binti aliiwahi, akaweka spika, na kabla sijamfikia alikuwa amekwisha kusema kwamba baba aliwalaza makande kitandani kwake, wakafunikwa blanketi la kabatini, bibi akalia, fundi akawabeba.

Upande wa Dodoma kulikuwa kimya kwa muda.

"Blanketi lipi?" aliuliza mke wangu.

Dirishani nilimwona mama amesimama kwenye kamba ya nguo, ameshika pindo lililokuwa bado linachuruzika, analipapasa kati ya vidole viwili kama mtu anayenunua.

"Baba," aliniita kutoka uani, "hili blanketi ni zuri kweli. Mlimnunulia nani?"